Mlango wa Concorde Uliopakwa Chokaa

Ngoingwa, Thika
Jumapili alasiri

Kwako Baba,

Kabla ya salamu, wacha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu Trizah. Tangu nilipokuwa darasa la sita nimekuwa nikiiombea ndege. Kila nikimaliza kukutaja wewe na Mama na bibi yetu Cucu, ninaitaja Concorde, ile ndege ya abiria iliyoishinda sauti kwa kasi, nikimwomba Mungu airudishe angani. Sababu zote zinazoizuia kurudi nimezisoma. Ninajua ilipumzishwa kabla sijazaliwa, ninajua zilizobaki zimewekwa kwenye majumba ya makumbusho, na ninajua waliozitengeneza walikataa zamani kuendelea kuzihudumia. Bado niliomba. Sikumwambia mtu kwa sababu kanisani kwetu watu huombea wagonjwa na watahiniwa, na kwa sababu Mama angecheka mpaka majirani watoke nje kuuliza kuna nini.

Sasa salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha limepungua kidogo ukiwa kazini kule chini ya ndege. Mguu wako ulioumizwa na toroli ya mizigo unaendeleaje? Mama aliniambia ulimwambia umepona, lakini pia aliniambia hukumwangalia usoni kwenye simu ulipokuwa ukisema. Sisi hapa hatujambo. Mama amehamisha kibanda chake cha nguo karibu na steji ya bodaboda, anasema wateja wa huko hawaulizi maswali mengi. Cucu anakusalimu na anauliza kama huko mnapewa chakula chenye mafuta.

Mama atakuwa amekueleza kwa simu kwamba nimetumwa nyumbani na shule, nisirudi bila mzazi. Walichomwambia ni utovu wa nidhamu. Nataka ulisikie jambo lenyewe kutoka kwangu, na unajua nikishika simu ninakuwa bubu. Mjomba wake Trizah anarudi Doha leo usiku na amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Habari yenyewe ni ya ule mlango. Nilikutajia mara moja tu, kwa hiyo nitaanza mwanzo. Kule Membley, Ruiru, kuna mama mmoja anaitwa Mama Waceke. Marehemu mume wake, Mzee Kinuthia, alikuwa fundi wa ndege Uingereza kwa miaka mingi. Concorde zilipoacha kuruka, vipande vyake vingine viliuzwa kwa mnada. Watu walinunua viti, wengine vyombo vya chai, na nimesoma kwamba hata vyoo vilipata wenyewe. Mzee Kinuthia alinunua mlango. Aliporudi nyumbani kwa kustaafu aliupakia ndani ya kontena pamoja na friji, makochi na baiskeli za watoto, akauegemeza ukutani sebuleni. Mama Waceke aliufumia kitambaa cheupe cha kuufunika juu, kama anavyofunika makochi. Wageni walikuwa wakiuliza kama ni wa friji kubwa.

Mzee alipofariki, Mama Waceke aliona sebule imekuwa nzito. Mwanawe Njau alifundishwa fizikia na Mwalimu Barasa, ambaye sasa anafundisha shule yetu, basi Mama Waceke akauazimisha mlango kwa maabara yetu. Nasema kuazimisha, Baba, kwa sababu nilikuwepo. Mama Waceke alisema mbele ya watu kwamba mlango ni wa mume wake, watoto wausome, na siku akiuhitaji atakuja kuuchukua.

Sisi wa Klabu ya Anga tulikuwa watano, na wawili walijiunga kwa sababu ya kukwepa riadha. Lakini mlango tuliutunza. Tuliupangusa kwa kitambaa kikavu na brashi laini, tukaweka mlangoni mwa maabara karatasi ya kukataza maji. Juu kuna kidirisha kidogo kama kiganja changu. Nilikuwa nikiweka kiganja pale na kufikiria mtu aliyetazama nje kutoka kimo ambacho anga yake ni nyeusi mchana, huku mwili wote wa ndege umepata joto na kurefuka kwa sababu ya kwenda kasi. Rangi ilikuwa imebanduka pembeni na alumini inaonekana. Hatukuigusa. Mwalimu Barasa alitufundisha kwamba kutunza kitu cha kale si kukifanya kiwe kipya.

Mwalimu huyo ndiye aliyepata kwenye mtandao kikundi cha wazee wa Ulaya wanaosema wataifanya Concorde moja iruke tena. Huwa wanatuma jarida, naye alikuwa akitusomea. Mwezi huu wamepaka grisi miguu ya ndege. Mwezi ujao wanatafuta mipira ya mabomba ya haidroliki, maana ya zamani imekauka. Trizah alikuwa akisema hao wazee wanafanana na Cucu yake anayesema kila Krismasi kwamba mwaka ujao atajenga. Mimi nilikuwa nikikasirika. Mwalimu Barasa aliwaandikia kuwaeleza juu ya mlango, nao wakajibu kwamba mwakilishi wao atakuja Kenya kuuona, kwa kuwa kila kipande halisi kinahitajika. Wiki hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilidhani maombi yangu yamefika.

Baba, unajua shule za hapa zikisikia mgeni anakuja. Nyasi zinafyekwa hadi udongo unalia. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, na miti nayo mpaka kiunoni. Wasichana wa kwaya wanatolewa darasani kufundishwa wimbo wenye jina la mgeni. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Gathogo, alikuwa akizunguka na fimbo yake akionyesha kila kitu kinachohitaji kung'arishwa, akafika maabara, akauona mlango wetu na rangi yake iliyobanduka. Akasema huo ni uchafu, mgeni atadhani sisi ni watu wa jalala.

Aliamrisha utolewe nje. Akawaita wasichana wa kidato cha pili waliokuwa kwenye adhabu, akamtuma mmoja jikoni kwa Jentrix, mpishi wetu, alete majivu na waya wa kusugulia sufuria. Walimwaga maji juu ya mlango, wakamwaga majivu, wakasugua kama wanavyosugua sufuria ya ugali iliyoungua. Walikuwa wakiimba. Rangi iliyokuwa imevuka bahari kwa kasi kushinda sauti ilikuwa inatiririka kwenye mtaro ikiwa rangi ya uji.

Nilitoka darasani bila ruhusa. Unanijua, sijawahi kusimama mbele ya mwalimu bila kuitwa. Nilimwambia Bwana Gathogo kwamba majivu yakichanganyika na maji yanakuwa alikali, na alikali inakula alumini, tumeisoma katika kemia. Aliniangalia kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Kisha akawauliza wale wasichana cucu zao walisugulia sufuria kitu gani huko Murang'a. Wakajibu kwa pamoja, majivu. Akawauliza kama zile sufuria zililiwa. Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Rubani, rudi darasani, utachelewa fulaiti." Tangu siku hiyo jina langu ni Rubani. Nilisema polepole kwamba sufuria za Cucu kweli zimekuwa nyembamba, moja ina tundu, lakini hakuna aliyesikia kwa sababu nilikuwa nikiongea na viatu vyangu.

Mwalimu Barasa alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha maabara. Aliona yote. Ndiye aliyetufundisha kitambaa kikavu. Nilimtazama nikingoja aseme neno moja, akainua mkono akatazama saa yake, akaingia ndani.

Kwa kuwa baada ya kusuguliwa mlango ulikuwa na mabaka, Bwana Gathogo aliamua umalizwe kwa chokaa iliyobaki kwenye ndoo ya mawe. Waliupaka wote, na kidirisha pia. Juu ya chokaa wakaandika jina la shule kwa rangi ya buluu. Walipoondoka niliinama nikaweka sikio langu karibu na mahali palipokuwa bado pabichi. Baba, ulikuwa unachemka. Ni sauti ndogo sana, kama soda iliyomiminwa kwenye gilasi ya mtu mwingine. Nilikaa pale nikisikiliza alumini ikiliwa, na kinyaa kilichonishika sijawahi kukisikia hata kwa choo cha soko.

Siku ya mgeni ilifika. Ni mzee mrefu mwenye sharubu nyeupe, tai yake ina pini ya ndege. Alivishwa shada na kufungwa shuka ya Kimasai, ingawa sijui Mmasai gani alihusika. Kwaya iliimba. Mwakilishi wa wadi alikuja na watu wake, akasema kwamba yeye binafsi amepigania mlango huu. Mwalimu mkuu, Madam Carolyne, akasema mlango utafungwa kwenye ndege, ndege itaruka, na jina la shule yetu litapita juu ya miji ya dunia. Watu wakapiga makofi. Mwakilishi wa wadi alikuwa amekwisha kuanza kula kuku, akapiga makofi na paja mkononi, na mafuta yakamrukia mama aliyekaa mbele yake.

Kisha mgeni akapelekwa kuuona mlango. Nilisogea karibu kwa sababu nilitaka kuona uso wake. Niliogopa atalia. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa niaba ya shule nzima, nilikuwa nimeitunga sentensi yenyewe kwa Kiingereza. Lakini uso wake haukubadilika hata kidogo. Alikwangua chokaa kwa ukucha, akagonga mara mbili, akatoa utepe mfukoni akapima urefu na upana, akauliza uzito. Baba, fundi wa nguo anapima mteja kwa upole kuliko vile.

Mimi hupewa kazi ya kupeleka chai ofisini kwa sababu sina mdomo. Madam Carolyne husema ukinituma mimi ni kama umetuma trei peke yake. Ndani walikuwa yeye, mgeni, Bwana Gathogo na Mwalimu Barasa. Nilikuwa nikimimina. Madam alimwuliza mgeni, kwa kuchangamka, mlango utafungwa lini kwenye ndege ili wazazi waarifiwe. Mgeni akacheka kwa adabu. Akasema hakuna ndege itakayoruka. Alisema hakuna serikali itakayotoa kibali, injini hazina wa kuzihudumia, nyaya zimekatwa, na ile ndege yao imekaa ndani ya jumba ambalo milango yake ni midogo kuliko mabawa. Alisema wanachama wao ni wazee, wanapenda kuamini, na imani hiyo haimdhuru mtu.

Bwana Gathogo aliuliza basi mlango ni wa nini. Mgeni akafungua mkoba akatoa kishikio cha funguo. Ni kipande cha alumini mraba, kidogo kama stampu, kimeng'arishwa, kimetobolewa na kutiwa pete. Alieleza kwamba kipande halisi cha ngozi ya ndege kikikatwa hivi kila mwanachama anaweza kumiliki chake. Mlango mmoja unatoa vingi sana. Chokaa haimsumbui, alisema, kwa sababu vyote vitasagwa na kung'arishwa. Kwa kweli alitushukuru, tumempunguzia kazi ya kutoa rangi.

Nilitazama Madam Carolyne. Nilidhani atasimama. Alikoroga chai yake, akauliza kompyuta zitakuwa ngapi. Kumbe yeye na mgeni walikuwa wamekwisha kuandikiana juu ya kompyuta ambazo shule ingepewa badala ya mlango. Sitaki kumsingizia ubaya mtupu, Baba. Shule ina kompyuta tatu na moja hutumiwa kuegemeza dirisha. Alisema mlango hauwezi kumfundisha mtoto wa mtaa wa Kimbo kutafuta kazi. Lakini alisema pia kwamba mtu aliyeacha kitu chake shuleni miaka miwili amekwisha kukitoa, na wote wakatingisha kichwa kukubali, na Mwalimu Barasa akatingisha cha kwake. Kisha Bwana Gathogo akafanya mzaha kwamba mlango utakatwa kama chapati za watoto wa chekechea. Mwalimu Barasa alicheka. Nilimwona meno ya nyuma.

Nilikuwa bado nimeshika birika. Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwuliza mgeni kama wale wazee wanaosoma jarida wanajua. Aliniambia mimi ni msichana mwerevu, na kwamba nikikua nitaelewa kuwa watu hawalipii ndege, wanalipia matumaini. Akaniwekea kile kishikio cha funguo kiganjani, akasema ni kwa ajili ya chai nzuri. Madam Carolyne akaniambia nitoke.

Lori la kuuchukua mlango lilikuwa lije Jumatano. Jumamosi nilimwambia Mama ninakwenda kusoma kwa Trizah, na hilo nimekwisha kumwomba msamaha. Nilikwenda Ruiru, nikatembea hadi Membley. Askari wa geti aliniuliza ninamtaka nani na nina shida gani, nikasimama pale kama mti. Mwishowe alichoka kunitazama akampigia Mama Waceke simu, akamwambia kuna mtoto hapa haongei, ana sare ya shule yenye mlango wake.

Mama Waceke alinipa chai na mkate, akaketi, akangoja. Hakunihimiza. Nilipomaliza kueleza kila kitu, yaani majivu, chokaa na vile vipande kama stampu, alisema kwamba kwa miaka hiyo yote alikuwa na hasira na mlango ule. Mzee Kinuthia aliupangusa kila Jumamosi, na hakuna Jumamosi hata moja aliyompangusia yeye vyombo. Siku za mwisho, alipokuwa hawezi kuamka, aliomba kitanda kigeuzwe ili auone. Mama Waceke alisema kweli aliuleta shuleni ili apumzike kuuona. Kisha akavua miwani, akasema, "Lakini mume wangu hakatwi vipande kama mutura juu ya ubao wa muuza nyama."

Jumatatu, tukiwa paredi, pikapu ya Njau iliingia ikiwa na godoro nyuma na vijana wawili wa mjengo. Mama Waceke alishuka na mkoba wake, akavuta kiti cha bawabu, akakaa mbele ya ofisi, akasema amekuja kumchukua mume wake. Bwana Gathogo alimwambia kwa heshima kwamba mlango sasa ni mali ya shule. Mama Waceke akamwuliza shule iliununua wapi. Bwana Gathogo akasema utaratibu lazima ufuatwe, mama. Mama Waceke akamjibu kwamba yeye ni mtu wa utaratibu sana, alitoa kwa mdomo mbele ya watu na anachukua kwa mdomo mbele ya watu, na hawa wasichana wote ni mashahidi. Paredi nzima ilikuwa inasikiliza. Madam Carolyne alitoka akiwa na tabasamu lake la wageni, akamkaribisha ndani kwa chai. Mama Waceke akasema habari za chai ya ofisi hiyo amekwisha kuzisikia.

Waliupakia juu ya godoro, wakaufunga kwa kamba. Halafu Mama Waceke akauliza kwa sauti kubwa yuko wapi yule msichana asiye na mdomo, Warigia, aje ashukuriwe. Alidhani ananifanyia wema. Vichwa vyote viligeuka. Ndivyo walivyojua, Baba, na ndiyo sababu niko nyumbani.

Nilipokuwa nikitoka na begi langu Mwalimu Barasa alinifuata hadi karibu na geti. Alisema nilifanya jambo sahihi. Akasema yeye ameajiriwa na bodi ya shule, si na serikali, mkataba wake unaisha muhula huu, mke wake amejifungua, na kwamba mimi nina baba Doha. Nilikuwa nimempenda kuliko walimu wote, na nilipomtazama pale nilisikia kinyaa kilekile cha chokaa inayochemka. Nimejaribu kukiondoa na hakijaondoka. Labda wewe unaweza kuniambia kama ni dhambi.

Mgeni aliarifiwa, akaondoka. Nasikia kuna shule nyingine, mahali pengine, yenye kipande cha kitu. Jarida la mwezi huu litawaambia wale wazee kwamba safari ya Afrika ilikuwa ya mafanikio na siku ya kuruka inakaribia. Nimefikiria kuwaandikia. Nimefikiria pia mzee mmoja mgonjwa, kitanda chake kimegeuzwa kuelekea kipande cha ukubwa wa stampu, na sijui nimwambie nini.

Jana nilikwenda tena Membley, safari hii Mama akijua. Tuliulaza mlango uani, tukauosha chokaa kwa maji safi, kidogo kidogo, tukiukausha papo hapo kwa fulana kuukuu za Mzee Kinuthia. Kidirisha kimepona. Lakini alumini imeshikwa na vidonda vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga, na jina la shule bado linasomeka, kwa kuwa buluu ilipenya chokaa ikaing'ang'ania alumini. Haliwezi kutoka bila kukwangua. Tumeliacha.

Sasa, Baba, jambo ambalo sikumwambia Mama Waceke siku ya kwanza, wala Mama, na ambalo sikutaka kuliandika hapa. Kile kishikio cha funguo nilikipokea. Ningeweza kukiacha juu ya trei. Nilisema asante, nikafunga ngumi. Nimekuwa nacho ndani ya soksi siku zote hizi. Nilikuwa nikisema nitakitupa chooni, na kila nikifika chooni ninakitoa, ninakitazama, ninakirudisha. Kwa sababu ni kweli, Baba. Kile ni kipande cha ndege iliyoruka kweli. Kilikuwa juu kule ambako anga ni nyeusi. Ninamchukia mtu aliyekikata, ninachukia pete yake na kung'aa kwake, na ninakipenda. Nimewaita watu hao wote wachafu katika barua hii, nami nilikuwa nikilala na uchafu wao chini ya mto.

Jana, tulipomaliza kukausha mlango, nilivua kiatu nikamwonyesha Mama Waceke. Nilimweleza jinsi nilivyokipata. Alikigeuza mkononi, akakipima, akauliza kama ndicho hiki tu walichotaka kufanya na mlango wake. Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Alitafuta mfukoni mwa aproni ufunguo wa banda la kuku, ambao ulikuwa umefungwa kwa uzi wa gunia, akaukata uzi, akautia ufunguo kwenye ile pete. Akasema kitu cha kushikia funguo kishike funguo.

Mama atakwenda shuleni Jumanne. Ukipata nafasi mpigie Jumatatu jioni umtie moyo, asije akaomba msamaha kwa mambo ambayo sikuyakosea. Lile nililolikosea shuleni, kutoka darasani bila ruhusa, nitaliombea msamaha mwenyewe. Anakusalimu sana, na Cucu, na Trizah ambaye mjomba wake ndiye aliyekuletea barua hii. Utunze mguu. Usimwambie Mama umepona kama hujapona.

Utauliza, kwa sababu ninakujua, nilifanya nini baada ya hapo. Jua lilikuwa limeanza kupungua na kuku wa Mama Waceke walikuwa bado hawajafunguliwa tangu asubuhi kwa sababu yetu. Alininyooshea ufunguo ukiwa na kile kipande. Niliupokea, nikavaa kiatu, nikaenda nyuma ya nyumba nikawafungulia.

Mimi bintiyo,
Warigia